Mwanya wa Dume na Jike: Maarifa ya Kusanifu Vipande Vinavyopachikana

Mtu aliyepata kufungua programu ya usanifu katika kompyuta, akachora kigingi chenye kipenyo cha milimita 10, kisha akachora tundu lenye kipenyo hicho hicho, na akakisogeza kigingi mpaka kikazama ndani ya tundu lake bila kukwama, huenda akaamini kwamba kazi imekwisha. Lakini akiwapelekea mafundi michoro hiyo, nao wakaichonga kwa uaminifu wote walio nao, aghalabu atarudishiwa vipande viwili vilivyokosana, kimoja kikiugomea mlango wa mwenziwe mpaka itafutwe tupa. Kosa hapo halimo katika mkono wa fundi wala katika mashine yake, limo katika dhana iliyomfanya msanifu aone kuwa vitu viwili vyenye kipimo kimoja sharti vipachikane. Hakika ya mambo ni kinyume: vitu vyenye kipimo kimoja ndivyo visivyopachikana, na kinachoviwezesha kuingiana, kushikana, kuteleza au kuzunguka kimoja ndani ya kingine ni tafauti ndogo iliyo baina yao, ambayo katika makala haya tutaiita mwanya. Rai tunayoitetea ni kwamba msanifu wa vipande vya namna hii, ajue asijue, husanifu mwanya kabla ya kusanifu dume, yaani kipande kinachoingia, au jike, yaani kinachokipokea, na kwamba ubora wa kazi yake hupimwa kwa swali moja: je, mwanya huo ameuweka mahali pamoja panapojulikana, au ameutawanya ndani ya vipimo kumi visivyojuana?

Sababu ya udanganyifu huu ni sahala kuieleza. Ndani ya kompyuta umbo ni hesabu tupu: uso wa kigingi hauna ukwaruzo, haupakwi rangi, hautanuki kwa joto, wala hauzuiliwi na uso mwingine, kwa hiyo programu itairuhusu miili miwili ikae mahali pamoja kwa wakati mmoja, jambo ambalo duniani ni muhali, na isiseme neno mpaka iulizwe. Nje ya kompyuta kila njia ya kutengenezea ina tabia zake. Printa ya pande tatu, inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuutiririsha kupitia mdomo ambao aghalabu una upana wa milimita 0.4, huelekea kuyafanya matundu yawe madogo kuliko yalivyochorwa, na tabaka lake la kwanza, kwa kuwa hugandamizwa juu ya meza yenye moto, hutanuka kando na kuacha ukingo usiotakiwa. Mwali wa leza unaokata ubao huunguza njia yenye upana wake wenyewe, hivi kwamba tundu huzidi na ulimi hupungua. Mashine ya kerezo nayo hutegemea ncha ya chuma inayolika kidogo kidogo kadiri kazi inavyoendelea, hata kipande cha mwisho kikatafautiana na cha kwanza ijapokuwa mchoro ni ule ule. Basi kipimo kilichoandikwa katika mchoro ni nia tu. Kitu chenyewe hutokea karibu na nia hiyo, mara juu yake, mara chini yake, na nadra sana juu ya alama yenyewe.

Zamani mashaka haya yalitatuliwa kwa mkono. Fundi wa bunduki katika Ulaya ya karne ya 18 alikitengeneza kila kipande kwa ajili ya mwenziwe mmoja tu, akikipiga tupa na kukijaribu, akikipiga tena na kukijaribu tena, hata viwili hivyo vikakubaliana. Na bunduki ikiharibika, kipande cha bunduki nyingine hakikuweza kuiponya. Katika mwaka 1785 Thomas Jefferson, akiwa balozi wa Marekani mjini Paris, alimwandikia John Jay habari za fundi mmoja Mfaransa, ambaye twamjua leo kuwa ni Honoré Blanc, aliyempa vipande vya mitambo ya kufyatulia bunduki iliyokwisha kufunguliwa, naye Jefferson akaviokota bila kuchagua, akaunda mitambo kadhaa ikakaa barabara. Mnamo 1841 Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester, akapendekeza kaida moja ya hesi za skrubu kwa Uingereza nzima, hesi zenye pembe ya nyuzi 55, ili nati ya karakana moja iikubali bolti ya karakana nyingine. Wala tusidhani kwamba watu hawa waliyaondoa makosa ya mkono na mashine. Walichofanya ni kufungua njia ya kuyawekea mipaka: kukubaliana ni kiasi gani cha kosa kitaruhusiwa, na kuhakikisha kwamba mwanya baina ya dume na jike unatosha kuyameza makosa ya pande zote mbili. Ruhusa hiyo ndiyo mafundi waiitayo toleransi, na mwanya ndio hazina inayoilipa.

Kaida ya kimataifa iitwayo ISO 286 imeyapanga mambo haya kwa namna ambayo msanifu hana haja ya kuyabuni upya. Tuchukue mhimili na tundu vyenye kipimo cha jina cha milimita 20. Tundu lililoandikwa H7 laweza kuwa na kipenyo chochote kuanzia milimita 20.000 hadi 20.021, nao mhimili ulioandikwa g6 sharti uwe baina ya 19.980 na 19.993, kwa hiyo hata kama mafundi wawili wasioonana watafika kila mmoja mwisho wa ruhusa yake, mwanya hautapungua milimita 0.007 wala hautazidi 0.041, na mhimili utateleza. Mhimili ule ule ukiandikwa p6, ukawa baina ya 20.022 na 20.035, mwanya hugeuka kuwa nakisi: mhimili siku zote ni mnene kuliko tundu lake, hauingii ila kwa kugandamizwa au kwa kulipasha tundu moto, na ukishaingia haukusudiwi kutoka. Kati ya hayo mawili kuna k6, yaani 20.002 hadi 20.015, ambapo jozi moja itapata nafasi kidogo na jozi nyingine itapata mbano kidogo, na zote mbili zafaa kwa vitu vinavyotakiwa kukaa katikati sawasawa na kufunguliwa mara chache. Kuna, basi, upachikaji wa kuteleza, wa wastani na wa kubana. Na msanifu ambaye hajaamua ni upi anaoutaka hana haki ya kuigusa kalamu, maana kabla ya uamuzi huo kipimo chochote atakachoandika hakina maana.

Mfano ulio bora kabisa wa mambo haya umo mikononi mwa watoto. Tarehe 28 Januari 1958 Godtfred Kirk Christiansen, wa familia yenye kiwanda katika mji wa Billund nchini Denmark, aliomba hataza ya tofali la kuchezea la LEGO katika umbo lake tulijualo, lenye vinundu juu na vifereji vya mviringo ndani yake. Na tofali la mwaka huo lingali linashikana na tofali lililotoka kiwandani juzi. Anayelipima tofali kwa kalipa huona kwamba kutoka kitovu cha kinundu hadi kitovu cha kinundu kinachofuata ni milimita 8, na kwamba kipenyo cha kinundu ni milimita 4.8. Sasa tuwaze vinundu vinne vilivyopangwa mraba, na tujiulize ni mviringo wa ukubwa gani utakaokaa katikati yao ukivigusa vyote vinne. Mshazari wa mraba wenye upande wa milimita 8 ni milimita 11.31; tukiondoa kipenyo kimoja cha kinundu, yaani nusu kutoka kila pembe, husalia milimita 6.51, na hicho ndicho kipenyo cha kifereji kilicho ndani ya tofali. Kipimo hiki hakukichagua mtu kwa kupenda: kimezaliwa na vile viwili vya kwanza, na lau umbali wa vinundu ungebadilishwa ingebidi nacho kibadilike siku ile ile. Kwa kuwa plastiki yenyewe hunepa kidogo sana na kurudi, mguso huo wa pande nne hutosha kuyashika matofali yasianguke, na hautoshi kumshinda mtoto anayetaka kuyatenganisha.

Jambo la pili katika tofali hilo lina mafunzo makubwa zaidi, ingawa halionekani upesi. Tofali lenye vinundu viwili kwa vinne, ambalo kwa hesabu ya milimita 8 lingekuwa na urefu wa milimita 32 na upana wa 16, kwa kweli lina milimita 31.8 kwa 15.8: limepunguzwa milimita 0.1 kila upande, ili lililo jirani lisilisukume. Twaweza kudhani kwamba matofali kumi yakipangwa mstari mmoja mapunguzo hayo yatalimbikizana yawe milimita 2, na ukuta uwe mfupi. Lakini haiwi hivyo, kwani kinachoamua mahali pa kila tofali ni vinundu vilivyo chini yake, ambavyo hufuata hesabu ya milimita 8 bila kukosa, wala si kuta za jirani, ambazo hazigusani kabisa. Mstari wa matofali kumi una milimita 319.8, yaani 320 kasoro punguzo la ncha mbili tu. Na tuangalie tafauti yake na mpango ambao kila kipande huegemea kipande kilichotangulia: hapo kosa la milimita 0.1 katika kila kimoja, likielekea upande mmoja, huwa milimita 1 nzima kikifika cha kumi, na cha kumi na moja hakipati mahali. Kanuni inayotoka hapa ni kwamba vipande vingi vipimwe kutoka asili moja, na kila kimoja kiwe na mwanya wake wa kukifaa peke yake, ili kosa lisirithiwe.

Tukirudi kwenye kompyuta, sasa twaweza kuzihukumu njia za kusanifu kwa insafu. Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya wengi, ni kuchora dume katika faili moja na jike katika faili nyingine, na kuandika vipimo vya kila kimoja kwa mkono: ulimi milimita 4, mfuo milimita 4.4. Siku ya kwanza haina ubaya. Ubaya huja siku mteja atakapotaka ulimi mnene zaidi, au karakana itakapobadili plastiki kwa mbao, kwani msanifu atalazimika kuvikumbuka vipimo vyote vilivyokuwa vikitegemeana bila ya kuandikwa popote kwamba vinategemeana. Na namba 4.4 haimwambii mtu yeyote kwamba ndani yake mna 4 ya ulimi na 0.2 ya mwanya mara mbili.

Njia ya pili ni kuvipa vipimo majina. Fikra hii si ngeni: mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika utafiti wake wa udaktari kwenye chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha programu iitwayo Sketchpad, ambamo mtu akichora kwa kalamu ya nuru aliweza kuiamuru kompyuta kwamba mistari hii iwe sambamba, au urefu huu uwe sawa na ule, nayo ikaitunza amri hiyo hata mchoro ulipobadilishwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 programu ya Pro/ENGINEER, ya kampuni iliyoasisiwa na Samuel Geisberg, ikaieneza fikra ya vipimo vinavyotegemeana katika usanifu wa maumbo mazima. Leo hata FreeCAD, ambayo hutolewa bila malipo, ina jedwali lake la hesabu ambamo msanifu aweza kuandika upana wa ulimi katika chumba kimoja, mwanya katika chumba cha pili, na katika cha tatu aamuru kwamba upana wa mfuo ni ulimi kuongeza mwanya mara mbili. Hadhari moja yahitajika hapa, nayo huwakwaza wengi: mtu aseme waziwazi kama mwanya wake ni wa kila upande au wa jumla, kwa sababu milimita 0.2 kila upande ni milimita 0.4 katika kipenyo, na wawili wanaofanya kazi pamoja wakihitilafiana juu ya neno hilo, vipande vyao ama vitalegea ama vitagoma.

Njia ya tatu humfanya jike azaliwe na dume. Seremala anayefunga kona za sanduku kwa meno yanayoingiana hapimi mara mbili: hukata meno ya ubao wa kwanza, huulaza juu ya ubao wa pili, huichora mipaka ya meno hayo kwa ncha kali, kisha hukata kwa kuufuata mchoro huo, na kwa hiyo meno yake, hata yawe hayalingani, hukubaliana. Programu nyingi zaweza kufanya vivyo hivyo kwa zile amali tatu zinazoitwa kwa jina la mwanahisabati George Boole: kujumlisha miili miwili iwe mmoja, kutoa mwili mmoja ndani ya mwingine, na kubakisha sehemu ile tu inayoshirikiwa na yote miwili. Msanifu hulikamilisha dume, hufanya nakala yake, huuvimbisha uso wa nakala hiyo kwa kadiri ya mwanya kila upande, kisha huitoa nakala ndani ya bonge litakalokuwa jike. Shimo linalobaki lina umbo la dume pamoja na nafasi yake, hata kama umbo lenyewe limepinda kiasi ambacho hakuna kalipa ingeweza kulifuata; na dume likibadilishwa, jike hufuata.

Lakini kuvimbisha uso si sawa na kukuza umbo zima, na wengi hupotea hapa. Tuseme kuna ukingo wenye urefu wa milimita 100 na unene wa milimita 4, na msanifu, badala ya kuusogeza uso nje kwa milimita 0.2, ameikuza nakala yake kwa asilimia 1. Urefu utaongezeka milimita 1, yaani nusu milimita kila ncha, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya ile iliyotakiwa, ilhali unene utaongezeka milimita 0.04 tu, ambayo ni kama bure. Na matundu ya skrubu yaliyokuwamo yatakuwa yamehama mahali pake. Kipande kitacheza upande huu na kukwama upande ule. Mwanya ni kiasi kimoja pande zote, haupimwi kwa sehemu ya mia, na amri ya programu inayofaa ni ile ya kusogeza uso, wala si ile ya kubadilisha ukubwa.

Njia ya nne huwafaa wanaosanifu mitambo yenye vipande vingi: huchorwa mchoro mmoja mama wenye mistari ya asili tu, mahali pa mihimili, mipaka ya kuta, mstari ambapo sanduku na kifuniko hukutana, kisha kila kipande hujengwa kwa kuutazama mchoro huo, bila kipande kukitazama kipande mwenziwe. Faida yake ni ile tuliyoiona katika tofali la Billund. Vipande vikitazamana moja kwa moja, kifuniko kikichukua kipimo kwa sanduku, na bawaba kwa kifuniko, na sanduku tena kwa bawaba, duara hutokea ambalo kompyuta haiwezi kulikata, na badiliko dogo huangusha mlolongo mzima.

Baada ya kuvijenga vipande, msanifu huviunganisha katika programu kwa vifungo: uso huu ugusane na ule, mhimili huu uwe katika kitovu cha tundu lile. Mwili ulio huru una mienendo sita, kusogea katika njia tatu na kuzunguka katika njia tatu, na kila kifungo huondoa baadhi ya mienendo hiyo. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba kifungo cha programu ni tamko tu, hakina ithibati ndani yake: mhimili waweza kufungwa katika kitovu cha tundu linaloupita mara mbili kwa upana, na programu ikaridhika. Lakini katika jambo moja programu hutoa ushauri wa kweli, nalo ni pale inapolalamika kwamba kipande kimefungwa kupita kiasi. Tuseme kifuniko kina vigingi viwili vya mviringo vinavyotakiwa kuingia matundu mawili ya mviringo yaliyo umbali wa milimita 100. Kigingi cha kwanza tayari kimekinyima kifuniko kusogea huku na huko; kilichosalia ni kuzuia kisizunguke. Kigingi cha pili, kikiwa katika tundu la mviringo linalokibana, huzuia mzunguko, lakini pia hujaribu kuamua mahali ambapo mwenziwe ameshapaamua, na kosa la sehemu chache za mia za milimita katika umbali baina yao hutosha kukifanya kifuniko kikatae. Dawa yake ni kulifanya tundu la pili liwe refu kuelekea la kwanza: kigingi kibanwe ubavuni, kiachiwe nafasi kwa urefu, na kila kizuizi kiwe na kazi moja isiyoingiliwa.

Kanuni hiyo hiyo hutawala kina cha mfuo. Ulimi ukitakiwa uguse kitako cha mfuo, na wakati huo huo mabega ya kifuniko yaguse ukingo wa sanduku, mguso mmoja kati ya hiyo miwili utakuwa wa uongo. Basi uchaguliwe uso mmoja wa kuegemea, aghalabu mabega kwa kuwa ndiyo yanayoonekana, na mfuo uchimbwe zaidi ya urefu wa ulimi kwa nusu milimita au zaidi, jambo ambalo halina gharama. Kadhalika kona. Kisu cha kuzunguka chenye kipenyo cha milimita 6 hakiwezi kuchonga kona ya ndani iliyo mraba. Huacha pindo lenye nusukipenyo cha milimita 3, na ulimi wenye pembe kali, uliochorwa vizuri kabisa katika kompyuta, utasimama juu ya mapindo hayo manne. Ama pembe za ulimi zipindwe kwa kadiri iliyo sawa au kubwa zaidi, ama kona za mfuo zitobolewe matundu madogo ya kuzipa pembe mahali pa kukaa. Ncha ya dume, na mdomo wa jike, zikatwe mshazari kidogo, ili vipande vijiongoze vyenyewe vinapokutana. Na kitu kitakachomiminwa katika kalibu ya plastiki kiachiwe mwelekeo wa digrii moja au mbili katika kuta zake ili kitoke bila kukwaruzwa, mwelekeo ambao nao hubadilisha mwanya kutoka juu hadi chini na sharti uhesabiwe katika pande zote mbili.

Kuna vipande ambavyo havishikwi kwa msuguano bali kwa kulabu: mkono mwembamba wa plastiki hupinda wakati wa kuingia, kisha hurudi na kichwa chake kikashika ukingo. Hapa mwanya huandamana na swali la pili, kama plastiki itavumilia kupinda. Kwa mkono wenye unene ulio sawa, mvuto unaoipata plastiki katika shina lake ni moja na nusu mara unene mara kiasi cha kupinda, ikigawanywa kwa urefu mara urefu. Mkono wa unene wa milimita 2, unaopinda milimita 1, ukiwa na urefu wa milimita 10, huvutwa asilimia 3, kiasi ambacho plastiki ngumu nyingi hazikistahimili ikirudiwa. Ukiurefusha uwe milimita 20, mvuto hushuka hadi asilimia 0.75, yaani robo. Wasanifu wageni wanapoona kulabu imevunjika huinenepesha, na kwa kufanya hivyo huzidisha mvuto; dawa mara nyingi ni kuirefusha, na shina lake kulipa pindo badala ya kona kali, kwa sababu ufa huanzia katika kona.

Kazi ikiisha katika kompyuta, na ihakikiwe kwa njia mbili. Kwanza programu iulizwe, kwani nyingi zina amri ya kutafuta mahali ambapo miili imeingiliana, na zaweza kukata kipande kati ili mwanya uonekane kwa macho. Lakini jibu lao ni la vipimo vya jina tu, kwa hiyo mtu mwenye hadhari huuliza tena baada ya kulikuza dume hadi mwisho wa ruhusa yake na kulipunguza jike hadi mwisho wa ruhusa yake. Pili, kabla ya kutengeneza kitu chenyewe, kitengenezwe kipande kidogo cha majaribio chenye ulimi mmoja na mifuo kadhaa, yenye mianya ya milimita 0.1, 0.15, 0.2, 0.3 na 0.4 kila upande, kwa mashine ile ile, kwa plastiki au mbao ile ile, na kwa upande ule ule wa kulala. Mkono utasema upi unaoteleza na upi unaobana. Tena hali ya hewa isisahauliwe. Mwaka 1931 Kamati ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani iliafiki kwamba urefu wa vitu vya viwandani utajwe katika joto la nyuzi 20 za sentigredi, ilhali karakana ya mwambao wetu adhuhuri huwa katika nyuzi 30 na zaidi. Fremu ya alumini yenye milimita 200 hurefuka kwa nyuzi 10 hizo karibu milimita 0.05, na plastiki nyingi hurefuka mara kadhaa zaidi ya hapo. Basi kifuniko cha plastiki kilichokaa barabara asubuhi ndani ya fremu ya alumini huenda kikabana saa nane mchana, na aliyekiachia mwanya wa kipimo cha baridi hana wa kumlaumu.

Katika hayo yote, lenye faida ya kudumu ni lile la kwanza. Faili ambayo mwanya wake una jina na chumba chake katika jedwali yaweza kupigwa chapa kwa plastiki katika karakana moja ya Nairobi, ikakatwa kwa leza katika mbao Dar es Salaam, na ikachongwa kwa alumini Mombasa, na fundi wa kila mji atabadilisha namba moja tu, ile aliyoipata kwa kipande chake cha majaribio, dume na jike vikajirekebisha pamoja. Faili isiyo na jina hilo hufaa kwa mashine moja, kwa plastiki moja na kwa msanifu mmoja, tena muda wote ambao msanifu huyo angali anakumbuka alichokifanya. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa jedwali, kabla ya urefu, upana au kimo cha kitu chochote, na uwe ni mwanya. Na pembeni yake iandikwe kwa maneno kama ni wa kila upande au wa jumla, ni wa kuteleza au wa kubana, na umepatikana kwa mashine gani.